Shajara ya Mradi: Giza la Salem kwa Kiswahili

Siku ya 1

Nimeanza leo. Mradi ni kuzitia kwenye Kiswahili hadithi fupi tatu za Marekani za nusu ya kwanza ya karne ya 19, zile ambazo wahakiki huziweka kwenye fungu la ulimbwende wa giza (Dark Romanticism). Mbili ni za Nathaniel Hawthorne: Young Goodman Brown, iliyotoka Aprili 1835 katika jarida la New-England Magazine, na The Minister's Black Veil, iliyotoka katika kitabu cha zawadi kiitwacho The Token, toleo la 1836. Ya tatu ni ya Edgar Allan Poe, The Tell-Tale Heart, ya Januari 1843. Natamani sana kuongeza Benito Cereno ya Herman Melville, lakini urefu wake unatosha kitabu kizima. Hiyo itasubiri.

Sitaki kutafsiri nikafungia kabatini. Kila Alhamisi baada ya Isha tunakaa barazani kwetu hapa Ng'ambo, Unguja, watu sita au saba: mwalimu mstaafu wa Kiswahili, fundi cherehani, kijana wa chuo ambaye kwao ni Kahama, jirani yetu Bibi ambaye ameshapita miaka 70, na wengine wanaokuja na kuondoka. Nimewaomba wasikilize kila rasimu. Wamekubali, kahawa na kashata zikiwa juu yangu.

Siku ya 2

Sijaandika hata sentensi moja ya hadithi, nimekwama kwenye jina la fungu lenyewe. Ulimbwende ni neno lililokwisha kaa vitabuni, na siwezi kulikwepa. Lakini nje ya darasa la fasihi mlimbwende ni msichana aliyepambwa anayepita jukwaani kwenye shindano la urembo, na ndivyo fundi cherehani alivyoelewa nilipomwambia ninachofanya. Ikanibidi nimweleze, na kumweleza kumenisaidia mwenyewe.

Nilimwambia hivi. Walimbwende wa Ulaya waliinua hisia, maumbile na mtu mmoja mmoja juu ya akili kavu. Mawazo hayo yalipotia nanga New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, mwanafikra Ralph Waldo Emerson alitoa kitabu chake Nature mwaka 1836. Humo anasema kwamba mtu akiingia msituni peke yake ubinafsi wake huyeyuka, akawa kama jicho tupu linalopitisha nuru. Hawthorne, Poe na Melville waliingia msitu uleule wakarudi na habari nyingine: aliyekuwa akiwangoja huko ni wao wenyewe, na hakuwa mtu wa kufurahia kukutana naye. Melville aliyaandika hayo waziwazi Agosti 1850 alipokuwa akikisifu kitabu cha Hawthorne. Alisema upande mmoja wa roho ya mwenzake umefunikwa na giza, giza mara kumi, na kwamba mzizi wake ni mafundisho ya Kikalvini kuwa binadamu huzaliwa na doa la dhambi.

Kuna jambo nalipenda hapa. Hawthorne alipooa mwaka 1842 alihamia nyumba ya zamani ya wachungaji huko Concord, na chumba alichokifanya cha kuandikia ndicho Emerson alichoandikia Nature. Dirisha moja, meza mbili.

Uamuzi: ulimbwende wa giza nitautaja mara moja kwenye utangulizi. Baada ya hapo ni hadithi za giza, basi.

Siku ya 5

Nimetangulia na Poe kwa kuwa ndiyo fupi, maneno kama 2,200 kwa Kiingereza. Poe alishikilia kwamba hadithi iwe ya kumalizwa kwa kikao kimoja, nusu saa hadi saa mbili, na kila neno tangu sentensi ya kwanza livute kamba upande mmoja. Aliyasema hayo mwaka 1842, akimhakiki huyohuyo Hawthorne katika Graham's Magazine. Rasimu yangu imetoka na maneno 1,700 hivi, kwa maana kitenzi chetu humeza mtendaji, wakati na mtendwa kwa mpigo mmoja. Kwa hadithi inayokimbia pumzi juu, ufupi huo ni neema.

Kisa chenyewe mnakijua au mtakijua. Msimuliaji anamuua mzee anayeishi naye nyumba moja. Hana ugomvi naye, hataki mali yake, anasema hata kumpenda anampenda. Kinachomsumbua ni jicho moja la mzee, la samawati iliyofifia, lenye utando, kama jicho la tumbusi. Baada ya kumuua anang'oa mbao tatu za sakafu, anamficha kati ya boriti, askari wanakuja, naye anaweka kiti chake juu ya mahali pale pale. Kisha anaanza kusikia moyo.

Boriti imenikalia vizuri. Kwa msomaji aliyezoea sakafu ya saruji, maiti chini ya sakafu ni kitendawili. Anayejua ghorofa za Mji Mkongwe anaiona mara moja.

Jicho ndilo lililonishinda. Poe anasema si mzee aliyemuudhi, ni Jicho lake Baya. Hapo Kiswahili kinanipa zaidi ya nilichoomba: tunacho kijicho, tunayo husuda, na mtoto mchanga tunampaka wanja usoni asipatwe na jicho. Niliandika "jicho la husuda" nikafurahi, nikalala nimefurahi. Asubuhi nimelifuta. Nikiandika husuda nimempa muuaji utetezi, kwamba mzee alimwonea kijicho naye akajikinga. Poe hakumpa utetezi wowote, na hadithi nzima imesimama juu ya kutokuwapo kwake. Sasa ni "lile Jicho", bila sifa. Nilidhani herufi kubwa itatosha, ila barazani herufi kubwa haisikiki, kwa hiyo "lile" ndiyo inayobeba mzigo.

Siku ya 7

Leo nimepata kitu ambacho sikukitafuta.

Karibu na mwisho sauti ya moyo inapanda, na kwa Kiingereza ni kivumishi kimoja kinarudiwa mara tatu. Mimi nimeandika "Ukazidi, ukazidi, ukazidi!" Sihitaji kutaja moyo tena kwa aya nzima, kiambishi u- kinaubeba. Lakini u- ya moyo ndiyo u- ya wewe. Ukisema "unadunda", aliye mbele yako hajui kama unamsimulia kuhusu moyo au unamwambia yeye. Na hadithi hii tangu mstari wa kwanza inamsemesha mtu: kwa nini useme nina wazimu? Basi nimemweka msikilizaji katika umoja, "wewe", tangu mwanzo, na kwenye aya za mwisho nimeacha baadhi ya vitenzi katika wakati uliopo. Unadunda. Unasikika. Unajua. Nimezisoma kwa sauti peke yangu jikoni, mwili ukanisisimka.

Poe hakuwa na nafasi hiyo katika Kiingereza chake. Lugha yetu ilikuwa nayo siku zote.

Kuna mdudu pia. Mzee anapoamka gizani, msimuliaji anakumbuka usiku aliokaa akisikiliza wale wadudu wanaotoboa mbao za ukuta, ambao kugongagonga kwao Waingereza walikuchukua kuwa ishara ya kifo. Mwalimu alishauri niweke bundi, kwa kuwa kwetu bundi ndiye anayetabiri. Nimekataa kwa heshima. Bundi yuko nje, juu ya mti, na sauti ya hadithi hii lazima itoke ndani ya nyumba, ndani ya mbao. Nimeandika "mdudu wa ukutani agongaye saa ya mauti".

Siku ya 11

Alhamisi ya kwanza. Nimesoma Moyo Usiotunza Siri, ndiyo ile ya Poe, yote kwa dakika 14. Nilipofika "Mafedhuli! Msijifanye tena! Nakiri! Ng'oeni mbao! Hapa, hapa!" fundi cherehani aliinua miguu kutoka sakafuni bila kujijua.

Kisha kimya. Halafu yeye yeye akauliza, "Sasa yule mzee alikosa nini?"

Bibi akamjibu, "Jicho tu, baba. Amekufa kwa sababu ya jicho."

Nimeandika maneno yake pembeni mwa rasimu.

Siku ya 14

Nimeingia Salem, mji wa New England. Young Goodman Brown ni kijana aliyeoa miezi mitatu tu iliyopita. Jua likizama anamuaga mkewe mlangoni, kofia ya mke ina utepe wa pinki, naye anaingia msituni kwa miadi asiyotaka kuisema. Huko anakutana na mtu mwenye fimbo nyeusi iliyochongwa kama nyoka. Wanavyozidi kwenda ndivyo anavyowaona, au kuwasikia, watu wema wote wa kijiji chake wakielekea huko huko: bibi aliyemfundisha katekisimu, mchungaji, shemasi. Katikati ya msitu kuna kusanyiko, moto, na mwamba wenye bakuli la kitu chekundu. Na mke wake yumo.

Mke anaitwa Faith. Nilishangilia, maana Imani kwetu ni jina la msichana, la Waislamu na la Wakristo, na wako wengi. Furaha ilidumu hadi nilipofika kwenye kitenzi cha kwanza.

Mtu wa fimbo anamlaumu kwa kuchelewa, naye anajibu kwamba Imani ndiye aliyemzuia. Au ndiyo iliyomzuia? Kiingereza kinazishika zote mbili kwa mkono mmoja. Ngeli zetu hazikubali. "Imani alinichelewesha" ni mke. "Imani ilinichelewesha" ni dini. Kilele cha hadithi, pale utepe wa pinki unapodondoka kutoka hewani ukanasa kwenye tawi na Brown akapiga kelele, kina shida ileile: "Imani yangu imepotea", mke hayumo, "Imani wangu amepotea", dini haimo.

Siku tatu nimezunguka na hili. Dawa ilikuwa kukimbia upatanisho kabisa. "Nilicheleweshwa na Imani." Hapo Imani haitawali kitenzi, anakaa mwishoni, na msikilizaji anaamua. Na kilele: "Sina tena Imani!" Maneno matatu. Mwalimu alipoyasikia kwa simu aliniambia, "Hayo usiyaguse tena."

Majina ya heshima yalikuwa rahisi zaidi. Katika vijiji vile vya Wapuriti, Wakristo wa msimamo mkali, mtu wa kawaida hakuitwa Bwana, neno hilo lilikuwa la wakubwa. Yeye aliitwa Goodman, na mkewe Goody. Bi inatosha kabisa kwa Goody: Bi Cloyse, Bi Cory. Kwa Brown nimechagua Ndugu, ambayo kanisani bado ina maana yake ya zamani.

Siku ya 18

Alhamisi. Nimeona nilivyokosea, na nimeliona kosa usoni mwa mtu.

Nilisoma Ndugu Brown rasimu ya kwanza. Walisikiliza vizuri, pengine vizuri kupita kiasi. Kwenye kusanyiko la msituni Bibi alipiga paja: "Kumbe mkewe naye mchawi! Na shemasi! Watu hawa huwezi kuwajua." Wawili wakaitikia. Mjadala ukashika njia hiyo, nani mchawi zaidi, nani alimwingiza nani.

Kijana wa Kahama hakusema kitu. Walipokuwa wanaondoka alinisubiri akaniambia, "Shikamoo, mwalimu. Usichukie. Kwetu mtu akisema ameona usiku, asubuhi bibi wa watu hayupo."

Nilimwelewa. Ni habari inayojulikana nchi nzima: miaka mingi huko Usukumani vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na alama iliyotosha kuwahukumu mara nyingi ni macho mekundu, yaliyowiva kwa miaka ya moshi wa kuni na samadi jikoni. Macho. Nilirudi ndani nikafungua rasimu ya Poe, nikasoma nilichokuwa nimekiandika pembeni wiki moja nyuma.

Siku ya 19

Sikulala sana. Tangu alfajiri nimelinganisha rasimu yangu na Kiingereza, mstari kwa mstari, na kosa liko wazi kama mchana.

Hawthorne hasemi kwamba fimbo ilijinyonga kama nyoka. Anasema ungeweza kukaribia kudhani inajinyonga kama nyoka hai, na kwamba bila shaka macho yalidanganyika kwa nuru haba. Mimi niliandika: "Fimbo ilijinyonganyonga kama nyoka." Hasemi kwamba shemasi alipita. Anasema Brown alizisikia sauti, na kwamba angeweza kuapa ni za shemasi na mchungaji, ilhali hakuona hata kivuli kikikata ile nuru ndogo ya mbinguni. Mimi niliandika: "Shemasi Gookin na mchungaji wakapita." Katika kurasa nne tu nimekuta zaidi ya sehemu 20 ambapo yeye ametia shaka na mimi nimeifuta. Nilizifuta kwa nia njema. Niliona zinachelewesha hadithi. Na Kiswahili kina msamiati ulio tayari wa mambo haya, mchawi, jini, mzimu, pepo, kila neno limesimama mlangoni likingoja kuitwa, na ukiliita linaingia na hukumu yake.

Lazima nieleze kwa nini ile shaka ndiyo hadithi yenyewe.

Mwaka 1692 Salem iliwashitaki kwa uchawi watu zaidi ya 150. Walinyongwa 19, na mzee mmoja, Giles Corey, aliwekewa mawe juu ya kifua hadi akafa kwa kuwa alikataa kujibu mashitaka. Mahakama ilikubali ushahidi wa vivuli: mtu akisema ameona umbo la jirani yake likimjia usiku, likimbana, likimnyonga, hilo lilihesabika dhidi ya jirani, hata kama jirani usiku ule alikuwa amelala kwake. Mmoja wa mahakimu waliowahoji washitakiwa aliitwa John Hathorne. Ni babu wa babu yake Nathaniel, ambaye akiwa kijana aliongeza herufi moja kwenye jina la ukoo. Na mwaka 1850, katika utangulizi wa The Scarlet Letter, aliandika kwamba anajitwika aibu ya wazee wake hao.

Sasa tazama majina ya wanawake aliowaweka msituni. Cloyse, Cory, Carrier. Ni majina ya washitakiwa wa kweli. Martha Corey na Martha Carrier walinyongwa. Sarah Cloyce aliponea chupuchupu, lakini dada zake wawili, Rebecca Nurse na Mary Easty, walinyongwa. Hawthorne aliyachukua majina hayo, akamweka kijana gizani, akamfanya aone maumbo yao, kisha akauliza: je, Ndugu Brown alipitiwa na usingizi msituni, akaota tu ndoto ya mkutano wa wachawi? Kijana hakuuliza hivyo. Aliamini alichokiona, akarudi kijijini, akamnyakua mtoto kutoka kwa Bi Cloyse aliyekuwa akimfundisha dini, akampita mkewe mtaani bila salamu, akaishi hivyo hadi uzeeni.

Mfasiri anayeandika "aliwaona" amekaa kwenye kiti cha John Hathorne. Mimi nilikaa hapo, nikasoma hukumu barazani, na watu wakaitikia.

Siku ya 25

Natafuta zana za shaka. Kiswahili hakina upungufu, shida ni kila moja kupima uzito wake.

"Eti" ni nzito mno. "Eti shemasi alipita" maana yake siamini hata kidogo, na Hawthorne hafiki huko. "Alidhani" nayo inaelemea upande wa uongo. Ukisikia "alidhani ni shemasi" unangoja uambiwe kumbe hakuwa. "Inasemekana" inaleta watu wengine kwenye habari ambayo ni ya mtu mmoja gizani. "Huenda" na "pengine" zinafaa pale mwandishi anaposema kwa kinywa chake, si ndani ya macho ya Brown.

Jibu lilitoka kwa watu wa kila siku. Nilikuwa dukani, mama mmoja akamwambia mwenziwe, "Jana niliona kama wewe pale darajani." Hakusema aliona, wala hakusema hakuona. Neno moja dogo baada ya kitenzi, na mlango umebaki wazi pande zote mbili. Aliona kama. Alisikia kama. Ilimjia kama. Nimerudi mbio.

"Aliona kama umbo la mama yake likimpungia mkono arudi." Mama yake! Katika rasimu ya kwanza sikuwa hata nimegundua kwamba katikati ya kusanyiko lile la giza kuna mwanamke mwenye sura ya kukata tamaa anayemfukuza arudi nyumbani, na mwandishi anauliza, alikuwa mama yake? Nilikuwa nimeandika "mwanamke mmoja akainua mkono".

Siku ya 31

Kazi ya "aliona kama" imekwisha. Isizidi tu, ikijaa kila mstari itageuka wimbo. Nimezipunguza mara mbili.

Pumziko la leo limekuwa la kihistoria, na linatugusa huku. Hawthorne alikuwa mkaguzi wa forodha wa bandari ya Salem kuanzia 1846 hadi 1849. Na Salem ya miaka hiyo ndiyo ile iliyofanya biashara na Unguja. Mkataba wa Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani hapa, Richard Waters, aliyefika 1837, alikuwa mtu wa Salem. Merikebu za huko zilileta kitambaa cha pamba ambacho hadi leo tunakiita merikani, zikaondoka na pembe na sandarusi iliyochimbwa Mrima, ya kutengenezea vanishi. Hawthorne mwenyewe anaeleza asubuhi za forodhani kwake, merikebu tatu nne zikiwa zimeingia kwa pamoja, mara nyingi kutoka Afrika au Amerika ya Kusini, na jinsi jina lake lilivyopigwa kwa rangi nyeusi kwenye magunia ya pilipili na robota za bidhaa. Yeye alikuwa forodhani kule, babu zetu Forodhani huku. Sijui kwa nini jambo hili limenipa nguvu ya kuendelea, lakini limenipa.

Siku ya 34

Nilipeleka sampuli ya kurasa kumi kwa mchapishaji mmoja. Majibu yamekuja: lugha safi, ila mwishoni iongezwe aya yenye funzo, na ielezwe wazi kama Brown aliota au hakuota, ili wanafunzi wasichanganyikiwe. Imeniumiza. Si kwa ajili yangu. Ni kwamba tumewafundisha watoto kuikamua hadithi hadi itoe tone moja la nasaha, wakishalipata waitupe. Nimejibu kwa adabu kwamba aya hiyo siiandiki. Nitatafuta njia nyingine ya kuchapa.

Siku ya 40

Utaji, yaani The Minister's Black Veil. Hii nimeimaliza haraka kuliko nilivyotarajia, baada ya kupigana na neno moja la kwenye jina.

Mchungaji Hooper wa Milford anatokea kanisani Jumapili moja amefunika uso kwa kitambaa cheusi cha msiba, mikunjo miwili, kinachoacha mdomo na kidevu tu. Hasemi kwa nini. Anazika nacho, anafungisha ndoa nacho, mchumba wake Elizabeth anamwomba akiinue mara moja tu, anakataa, anakufa nacho. Kwa msomaji wa pwani uso uliofunikwa kwa nguo nyeusi hautishi, ni stara ya kila siku, kwa hiyo kitisho lazima kitoke kwingine: ni mwanamume, ni mchungaji, na jana hakuwa hivi. "Barakoa" ilinijia kwanza, lakini tangu korona barakoa inafunika mdomo, yaani nusu isiyo yake. "Ukaya" na "shela" zimeelemea mavazi. "Utaji" ni wa bibi harusi, na ndiyo maana nimeuchukua: arusi ya jioni ile, mbele ya bwana na bibi harusi, mchungaji ndiye mwenye utaji, na ni mweusi. Utaji Mweusi wa Mchungaji.

Akiwa anakufa anawaambia waliomzunguka kwamba anaona utaji mweusi kwenye kila uso. Nilipoandika "kila uso" nilifikiria wale saba wa barazani, na mimi wa nane.

Siku ya 46

Alhamisi. Ndugu Brown, rasimu ya nne. Nimesoma polepole zaidi, nikaacha pumzi pale penye "aliona kama".

Safari hii Bibi alinikatiza mapema. "Ngoja. Alimwona au aliona kama?"

"Aliona kama, Bibi."

Akanyamaza. Nilipofika kwenye swali la usingizi, fundi cherehani akasema aliota, mwalimu akasema hakuota, wakabishana kwa heshima hadi kahawa ikapoa, kila mmoja akitoa ushahidi wa sentensi. Kijana wa Kahama alisema jambo moja tu: kwamba haijalishi, kwa sababu Bi Cloyse asubuhi ile alikuwa anafundisha mtoto dini, na hilo Brown aliliona mchana kweupe, akalikataa. Hakuna aliyemjibu.

Siku ya 47

Umebaki mstari wa mwisho. Brown anazikwa na mkewe mzee, watoto, wajukuu na majirani wengi, na hawakuchonga neno lolote la matumaini kwenye jiwe la kaburi lake, kwa kuwa saa yake ya kufa ilikuwa... na hapo Hawthorne ana neno moja ambalo ni giza na ni huzuni kwa pamoja. Nimejaribu "simanzi", imekuwa ya taarabu. "Majonzi" ni ya wafiwa. Mwalimu anapendelea "ilikuwa giza tupu", lakini "tupu" ni ya kwangu, si ya Hawthorne.

Jioni Bibi alipita kurudisha chupa ya chai. Nikamweleza shida. Akafikiri akiwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu.

"Mwanangu, si alikuwa na watu wote wale?"

"Alikuwa nao, Bibi."

"Basi alikufa na kiza chake."

Nimeiandika hivyo hivyo, na kiza kwa k, kama alivyotamka.